Daftari, presha na njia ya Gangilonga

"Mama, unalala saa ngapi?"

Muuguzi aliniuliza hivyo kabla hajaniambia mashine imesomaje. Mimi nilikuwa nimekwenda zahanati kwa ajili ya macho. Msimu mzima wa sare uzi ulikuwa ukinipotea kwenye tundu la sindano, nikajua miwani imenifikia. Yeye akaanza na mkono: akaufunga, akapima, akanikalisha kwenye benchi dakika chache, akapima na mkono wa pili. Presha ikasoma 168 kwa 104. Hakuna kilichokuwa kikiniuma isipokuwa shingo, na shingo ya fundi cherehani huuma mwaka mzima, nani anaihesabu?

Nikamjibu ukweli. Saa nane usiku, siku nyingine saa tisa. Naamka saa kumi na moja. Akauliza nafanya nini hadi saa hizo. Niliona haya, nikatazama chini.

"Naandika," nikasema.

Nashona nguo eneo la Mashine Tatu, hapa Iringa mjini, mwaka wa kumi na sita sasa. Kuanzia katikati ya Novemba hadi shule zifunguliwe Januari ni sare tu: sketi za marinda, kaptula, mashati meupe. Mzazi analeta kitambaa leo, nguo anaitaka kesho. Nikirudi nyumbani Kihesa kuna jiko la kuwasha, ugali wa kusonga, hesabu za mwanangu wa mwisho. Nyumba inanyamaza saa nne. Hapo ndipo nilikuwa navuta kigoda, nachemsha chai ya rangi nzito, nafungua daftari.

Ninachoandika ni habari za bibi yangu mzaa mama, wa Kalenga. Alikuwa msichana Juni 19, 1954, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe wa zamani, liliporudishwa kutoka Ujerumani. Vitabu vinasema Gavana Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, na leo hii fuvu limo kwenye makumbusho pale Kalenga. Bibi hakuwa na habari na gavana. Yeye alikumbuka vumbi la watu. Alikumbuka kaniki mpya aliyofungwa asubuhi ile, bado ina wanga, ngumu kama ubao, ikamkwaruza mapaja njia nzima hadi akatamani kulia mbele ya wakubwa. Kila aliponisimulia alikuwa anajishika paja.

Alifariki mwaka juzi, na mimi nikaingiwa na hofu. Kila usiku niliolala bila kuandika niliona kama kuna neno lake limezikwa mara ya pili. Ndiyo maana nilikuwa nakesha. Nawaambia haya ili msidhani nilikuwa nachezea afya yangu kwa upuuzi.

Yule muuguzi hakunigombeza. Alinieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza: kwamba mtu akilala usingizi wa kutosha presha nayo hushuka, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 chini ya ile ya mchana, moyo na mishipa vikapata nafuu ya saa kadhaa. Anayelala saa mbili tatu tu anaunyima mwili nafuu hiyo, usiku baada ya usiku. Presha ikifika 140 kwa 90 na kubaki huko ni ugonjwa, hata kama husikii chochote, na wengi hawasikii chochote. Nilirudi tena siku mbili tofauti kupimwa, ikawa ile ile. Nikaanzishiwa kidonge kimoja kila asubuhi, nikaambiwa nisikiache siku nitakapojiona mzima. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo imo ile ya mboga, ya dagaa, ya kila kitu. Nitembee nusu saa, siku tano za wiki. Macho nayo yalipimwa, na miwani nimevaa.

Mimi nilisikia jambo moja tu: acha kuandika. Nikalifungia daftari kabatini, chini ya mashuka.

Wiki tano sikuandika. Presha ilishuka kweli, 138 kwa 86, namshukuru Mungu. Lakini nilikuwa mtu mwingine. Nilimjibu mteja wangu wa miaka kwa ukali, mama mtu mzima, hadi nikamfuata kwake kumwomba radhi. Nikakata blauzi ya lasi ya kamati ya harusi, na mikono yote miwili nikaikata ya kushoto. Miaka kumi na sita sijawahi kufanya hivyo. Nilinunua lasi nyingine kwa fedha yangu. Usiku nalala mapema kama nilivyoagizwa, lakini nikiamka bibi ananitazama na paja lake.

Kilichonisaidia kilitokea njiani. Matembezi yangu niliyapeleka upande wa Gangilonga, alfajiri, kabla ya kufungua kibanda. Wageni wa Iringa hupanda lile jiwe jioni kupiga picha za mji. Kwetu Wahehe jina lenyewe ni jiwe linalosema, na wazee wanasimulia kuwa Mkwawa alikuwa akienda kushauriana pale. Sitasema jiwe liliniambia neno. Ilikuwa Machi, mvua za mwisho mwisho, natembea kwa kandambili za mpira kwa sababu ya tope, nasalimiana na wazee wanaotoka kwao, "Kamwene", "Kamwene", na katikati ya salamu mbili sentensi nzima ikaja kichwani, ya kaniki, imepangika kuliko zote nilizowahi kuzilazimisha saa saba usiku nimevimba macho. Nikaisema kwa sauti. Nikairudia hadi Mashine Tatu, kama mtoto anayetumwa dukani akiogopa kusahau. Nikaiandika kwa chaki ya fundi kwenye karatasi ya kaki ninayokatia vielelezo.

Nikajiuliza: hivi nguo naishonaje? Sikati, sipigi bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, na siungi kwa wakati mmoja. Anayefanya yote mara moja usiku ule ule, nguo yake utaijua tu ikining'inizwa. Mbona maandishi niliyataka yatoke mazima, kwa kikao kimoja, na mwili uliochoka?

Basi sasa kukata nakatia njiani. Mchana, wateja wakipungua kama saa nane hivi, nakula viazi vyangu na napata robo saa ya kupiga bandi: mistari mitatu, minne, kwenye vipande vya karatasi. Navitia kwenye kopo la bobini. Kuunga ni Jumapili baada ya ibada, mezani, mchana kweupe, watoto wakiwa nje. Saa tatu na nusu usiku hakuna daftari. Chai ya rangi mwisho saa kumi jioni. Ukurasa mmoja kwa wiki, na wiki nyingine nusu. Msimu wa sare ukifika sitaunga chochote, nimeshajiambia mapema. Kopo litajaa tu hadi Januari.

Siku hizi kuna watu wanahubiri kwamba mwenye ndoto halali. Wanawatazama wanawake kama mimi, ambao saa zao zote zimegawiwa watu wengine tangu jogoo, wanawaambia wakate usingizi ndipo wafanikiwe. Nakataa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali miaka mingi, tangu forodhani mwaka 1926, na kazi zake tunazisoma hadi leo. Sijui usiku wake aliugawaje. Wangu najua: nimewahi kuutoa wote, na nilichopata ni kurasa arobaini zenye haraka, ambazo sasa nazifumua moja moja.

Jumapili iliyopita nilipanda daladala hadi Kalenga kumwona mama mkubwa. Baridi ya mwezi huu wa sita imemkalisha jikoni kutwa, amejifunga blanketi. Kwanza akaniuliza habari za presha, akanikagua uso. Kisha nikamsomea ukurasa wa kaniki. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Haikuwa yake, mwanangu. Ilikuwa ya dada yake, aliyetolewa mahari mwaka ule. Aliazimwa siku ile tu."

Miaka yote bibi hakuwahi kunitajia. Nilitoa kipande cha karatasi mfukoni, nikaandika pale pale moshini: ikarudishwa jioni ile ile.