Tuachieni Vilima Vyetu

Mwaka huu maneno yameanza mapema: njia ya marathon ya mji wetu ihamishwe. Ishushwe bondeni, kwenye barabara kuu iliyonyooka, ili wakimbiaji wapate muda mzuri na wageni wasiogope kuja. Nimeyasikia haya kwa watu ninaowaheshimu, wengine wao ndio wanaosimama barabarani tangu alfajiri kutugawia maji, kwa hiyo siwapuuzi. Lakini nimetoka kuikimbia njia yetu Jumapili iliyopita, mapaja bado yananiuma nikishuka ngazi, na nataka nieleze kwa nini naomba ibaki huko huko mlimani.

Kwa asiyeijua: tunaanzia uwanja wa shule, sehemu ya juu kabisa ya mji. Filimbi ikilia tu, unateremka. Kilomita nne hivi za mteremko mtupu mpaka darajani. Ukivuka daraja unaanza kupanda mwinuko mrefu wenye kona tatu, na ukifika kona ya pili unaapa kwamba umemaliza, kumbe bado. Baada ya hapo unatembea na mgongo wa mlima, panda shuka, panda shuka, mahali penye upepo na pasipo na nyumba hata moja. Kisha kinakuja kilima cha tangi la maji. Ni kifupi, lakini kimesimama hasa. Ukikishuka, unabaki na mpando wa mwisho wa kurudi shuleni. Wa nusu marathon wanaishia hapo. Sisi wa marathon kamili tunageuka na kuuanza mzunguko wa pili.

Watu wakisikia njia ina vilima, wanawaza kupanda. Mimi nawaza kushuka.

Unapopanda, mwili hauwezi kukudanganya. Ukizidisha, pumzi inakatika hapo hapo na utapunguza mwendo upende usipende. Mteremko hauna mwonyaji wa namna hiyo. Pumzi imetulia, miguu inakwenda yenyewe, na saa ya mkononi inaonyesha kasi ambayo hukuwahi kuiota mazoezini. Wakati huo huo misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki. Kila unyayo unapotua, misuli hiyo inakaza huku inavutwa irefuke, na kukaza kwa namna hiyo huchana nyuzi zake ndogo ndogo kuliko kazi yoyote ya kupanda. Maumivu yenyewe utayasikia kesho na keshokutwa. Udhaifu hausubiri kesho. Unakukuta kilomita ya thelathini na ushei, pale ambapo hata akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inakaribia kwisha, unaomba mguu ukubebe na mguu hauna cha kukupa.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni marathon ya Boston, Marekani. Njia yake inaanzia mji wa Hopkinton na kuteremka sana kilomita za mwanzo, na mwisho wake uko chini ya mwanzo wake kwa zaidi ya mita 130. Ukiisikia hivyo utadhani ni njia ya mteremko, ya kujivunia muda. Ila kuanzia kilomita ya 26 hivi kuna vilima vinne vya Newton, na cha mwisho wao, kile maarufu cha Heartbreak Hill, kinakuja baada ya kilomita ya 32. Chenyewe si kirefu. Kinachokitia ukali ni kile ambacho miguu imekwisha kufanyiwa huko nyuma. Mtanzania Juma Ikangaa alimaliza wa pili pale miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu: 2:08:43 kwa 2:08:44. Na ile ya 1990 alitoka kwa kasi kubwa sana kwenye mteremko wa mwanzo, akaongoza, mpaka Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki ya 1988, alipokuja kumpita na kushinda kwa 2:08:19. Ikangaa huyo huyo alikuwa ametoka kushinda New York mwaka 1989. Hakuwa mtu wa kubahatisha hata kidogo. Ndiyo maana mbio zile huzirudia kichwani kila ninaposimama uwanja wa shule nikisubiri filimbi na ule mteremko uko mbele yangu unaniita.

Jumapili niliushuka taratibu. Hatua fupi za haraka haraka, mguu unatua chini ya mwili na si mbele yake, mikono imelegea, macho yako mita kadhaa mbele. Vijana wengi walinipita, na nikawaacha waende. Katika wiki za mwisho za maandalizi nilikuwa nashuka mlimani makusudi, kwa sababu misuli iliyowahi kuchoshwa na mteremko hujikinga: safari nyingine haiumii kama mwanzo, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Kwa mtu anayejiandaa na njia kama yetu, mazoezi ya kupanda pekee ni nusu ya kazi.

Kupanda nako kuna hesabu yake, na hesabu hiyo haina usawa. Unachopoteza mlimani hukirudishiwi chote mteremkoni. Mtu anayeshikilia kasi moja ya saa yake kila kilomita, juu na chini, atajiunguza kwenye mwinuko halafu avunje mapaja kwenye mteremko akijaribu kufidia. Mimi nakwenda kwa pumzi. Nikiweza kusema sentensi fupi bila kukatika, niko sawa, saa iseme inavyotaka kusema. Nikishindwa, nimezidisha. Kilima cha tangi la maji nilikipanda kwa kutembea mizunguko yote miwili, kifua mbele, hatua ndefu za nguvu, na kule juu nilikuta nimepishana hatua chache tu na waliokuwa wanakimbia huku wamekunja nyuso.

Sasa niseme kuhusu ile nusu ya pili, kwa sababu hapo ndipo marathon ndogo inapotofautiana kabisa na zile kubwa za kwenye televisheni.

Unapanda kurudi shuleni ukiwa umezungukwa na watu. Kuna makofi, kuna muziki, kuna watoto wanakimbia pembeni yako. Kulia kwako watu wa nusu marathon wanavuka utepe, wanavishwa medali, wanakaa kwenye nyasi wanavua viatu. Wewe unaonyeshwa kushoto. Unazunguka koni moja ya plastiki, na baada ya dakika mbili uko peke yako barabarani ukiteremka tena ule mteremko wa mwanzo, na unayasikia makofi yakififia mgongoni. Mwaka huu tuliogeuka kushoto hatukufika hata mia moja. Darajani sikumwona mtu mbele yangu wala nyuma.

Ni pale kwenye mwinuko wa kona tatu nilipomkuta mzee mmoja mwenye mvi, amevaa kofia ya kitambaa, anakwenda mdogo mdogo lakini hasimami. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Usiangalie juu. Angalia miguu yangu tu."

Nikaangalia miguu yake. Viatu vyake vilikuwa vimelika upande wa nje wa kisigino, na kila hatua ilitua pale pale, kimya, bila kukwaruza lami. Tulipanda hivyo kona zote tatu bila neno jingine. Tulipofika kwenye mgongo wa mlima akanyoosha mkono kunionyesha mbele, kwamba niende. Nikamwambia asante baba, tutaonana uwanjani, nikaenda. Kwenye barabara kuu, katikati ya maelfu ya watu wa kasi moja, nisingemwona. Mlima ndio uliotukutanisha, kwa kuwa ulitupunguza mwendo sote wawili mpaka tukalingana.

Wanaotaka bonde wana hoja ya muda, na ni hoja ya haki. Mtu anafanya mazoezi miezi mingi, anataka namba ya kuonyesha. Lakini riadha yenyewe imekwisha kukiri kwamba namba ya njia moja si namba ya njia nyingine. Kanuni za rekodi zinataka njia isishuke zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, yaani kama mita 42 kwa marathon nzima, na mwanzo na mwisho wake visitengane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Mwaka 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, chini ya rekodi ya dunia ya wakati ule iliyokuwa 2:03:59, na haikuandikwa kuwa rekodi kwa sababu hizo hizo. Njia yetu sisi inaanza na kuisha mahali pamoja. Muda wake haujapigwa jeki na mteremko wowote. Nikisema nimemaliza marathon ya kwetu, nimeupanda kila mlima nilioushuka.

Na kuna jambo jingine ambalo naona halizungumzwi. Mbio za kasi za njia tambarare, kama ile ya Chicago ya mwaka 2023 ambapo Mkenya marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya 2:00:35, ni kipaji cha aina moja, na nakiheshimu kwa moyo wote. Boston ni kipaji kingine. Mwaka huo huo wa 2023 Mkenya Eliud Kipchoge alikwenda Boston akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, akamaliza wa sita. Mkenya mwenzake Evans Chebet alishinda kwa 2:05:54, na Mtanzania Gabriel Geay akawa wa pili. Mwaka 2025 Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, alikuwa wa pili Boston, na miezi michache baadaye akatwaa ubingwa wa dunia Tokyo kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye utepe, wote wawili wakiandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Boston hakuna wadhibiti kasi wa kukupangia mwendo. Kwenye mashindano ya dunia hakuna pia. Kila mtu anajipimia mwenyewe, na akikosea anabeba mwenyewe. Mtoto wa mji wetu anayekulia kwenye zile kona tatu anajifunza kujipimia kabla hajajua hata maana ya kushindana. Ukimhamishia barabara kuu, umemnyang'anya mwalimu aliyekuwa bure mlangoni kwake.

Kilomita mbili za mwisho zilikuwa ngumu, siwezi kuzipamba. Nyuma ya goti la kushoto palibanwa nikashuka kilima cha tangi kwa upande upande. Mpando wa kuingia shuleni niliupanda nikihesabu nguzo za umeme, nakimbia nguzo mbili, natembea moja. Uwanjani watu walikuwa wamepungua sana, muziki umezimwa, lakini waliobaki walisimama wote na kupiga makofi mpaka nikavuka. Mama mdogo alinivisha medali akaniambia "Hongera mwanangu, kaa chini," akanishika mkono nikakaa. Nilibaki pale mpaka yule mzee akaingia. Naye walimsimamia.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji ni hili. Msiuguse mlima. Kama kuna nguvu na fedha za kuboresha, kuna mambo ya kufanya kwenye njia hii hii. Kituo cha maji kilichoko darajani kipandishwe mpaka kona ya tatu. Mtu anayeteremka kwa kasi hanywi, anamwaga, na anayefika juu ndiye mwenye kiu. Pale kwenye mgongo wa mlima, ambako hakuna nyumba, wawepo watu wawili wenye pikipiki na simu mzunguko wa pili, maana mkimbiaji akianguka huko leo atakaa muda mrefu kabla hajaonekana. Filimbi ilie saa moja mapema, kabla jua halijakolea, kwa ajili ya wale wanaomaliza mwisho. Na njia ipimwe upya kwa baiskeli yenye kihesabio cha mizunguko ya gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi kuliko wote kwenye kila kona, kama inavyotakiwa, ili hata wageni wajue kwamba zile 42.195 ni kamili.

Nitasema haya haya kwenye kikao mwisho wa mwezi. Mwenye kutaka bonde naye aje, tukae, tuzungumze. Na kama yupo ambaye hajawahi kuukimbia mzunguko wa pili, namkaribisha Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa shule. Tutashuka mpaka darajani taratibu, kisha tupande kona zote tatu pamoja, halafu aniambie bado anataka kuhama.