Roboti ya Leeds na kiwanja cha Pongwe

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anataka kuuza kiwanja cha familia kule Pongwe ili mama yake aletwe Uingereza, au India ikishindikana, akapasuliwe na roboti. Mama mdogo ana vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Akila chochote chenye mafuta, usiku hakuna kulala. Daktari wa Tanga kesha­mpima, akasema kifuko kitolewe kwa upasuaji wa matundu madogo, akampa rufaa ya Dar. Lakini kijana kaona video mtandaoni, na anajua mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Leeds na roboti naifunika plastiki kwa mikono yangu. Basi nikisema wasubiri kwanza, naonekana nimeshapata uzungu.

"Dada, roboti haikosei. Binadamu anatetemeka."

Nianze hapo hapo. Roboti haipasui mtu. Haijui ini liko wapi, na haisogezi kisu mpaka mtu aisogeze. Daktari huketi pembeni, hatua kadhaa kutoka kitandani, kichwa kakiinamisha ndani ya kioo cha kutazamia, vidole viwili viwili ndani ya vishikio. Wengi huvua viatu wakabaki na soksi, ili wazisikie vizuri pedali za miguuni. Akiinua tu uso kutoka kwenye kile kioo, mikono yote ya mashine inaganda pale pale. Kitandani kwa mgonjwa tunabaki sisi: muuguzi, daktari msaidizi, mtu wa usingizi. Kubadilisha kifaa ni kazi yetu, kufyonza damu ni yetu, na damu ikifoka ghafla ni sisi tunaoichomoa mashine haraka ili daktari anawe na kuja kufungua tumbo. Zoezi hilo tunalifanya tukiwa hatuna mgonjwa, tukihesabiwa muda.

Kwenye matundu madogo ya kawaida, daktari anasimama kando ya mgonjwa na vyuma virefu vilivyonyooka. Kamera kashika daktari mdogo, na baada ya saa moja na nusu mkono wake umechoka, picha inaanza kucheza. Chuma kinapita kwenye tundu, kwa hiyo mkono ukienda kushoto ncha inakwenda kulia. Kushona kwa namna hiyo ni kama kufunga kamba za viatu kwa vijiti viwili vya mishikaki. Inawezekana, nimeona wanaoifanya kwa raha zao, lakini hawakuipata kwa mwaka mmoja. Roboti hapo ndipo inapolipa: ncha zake zinapinda kama kifundo cha mkono, picha ina kina, na mtetemo wa vidole unachujwa usifike kwa mgonjwa. Hata mgongo wa daktari unapona. Tezi dume, ambayo imejificha chini kabisa ya nyonga, hapa Uingereza sasa ikiondolewa kwa sababu ya saratani karibu zote huondolewa kwa roboti. Mzee wangu angekuwa na shida hiyo, ningeitafuta.

Kwa mgonjwa, hata hivyo, tofauti ni ndogo kuliko video zinavyoonyesha. Kote kuwili analazwa usingizi kamili. Kote kuwili tumbo linajazwa gesi ya kabonidioksidi, na kesho yake atalalamika bega linauma, kwa sababu gesi imechokoza kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Matundu ya roboti yana milimita 8 hivi. Ya kawaida ni kati ya 5 na 12. Ile nafuu inayosifiwa, damu kidogo na kurudi nyumbani mapema, ukiichunguza utakuta mara nyingi inalinganishwa na tumbo lililopasuliwa wazi. Mashine haina haki ya kujichukulia sifa ambayo matundu yameipata tangu Erich Mühe atoe kifuko cha nyongo kwa njia hiyo kule Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985.

Walipolinganisha roboti na matundu yenyewe, mambo yalipungua utamu. Utafiti mmoja mkubwa uliongozwa kutoka hapa hapa Leeds: wagonjwa 471 wa saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, nchi 10, matokeo yakatoka 2017. Waliolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya kazi walikuwa asilimia 12.2 upande wa matundu na 8.1 upande wa roboti, pengo ambalo kitakwimu lingeweza kuwa bahati tu. Na kwa kifuko cha nyongo, ugonjwa wa mama mdogo hasa, Wamarekani walipitia kumbukumbu za wazee zaidi ya milioni moja, wakachapisha 2023. Mrija wa nyongo ulijeruhiwa kwa wagonjwa 7 hivi katika kila 1,000 waliofanyiwa kwa roboti, na 2 katika kila 1,000 waliofanyiwa kwa matundu ya kawaida. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura nani apate kipi, kwa hiyo sisemi mashine ndiyo iliyokata. Huenda ni madaktari waliokuwa bado wanaizoea. Lakini mama yangu mdogo nisingependa awe somo la mtu anayeizoea mashine, si Leeds, si Delhi.

Nilipomtumia mdogo wangu takwimu hizo kwa WhatsApp, alijibu kwa kicheko na emoji ya ndege.

Bei nayo ina mambo yake. Mashine moja mpya ya da Vinci, aina ya roboti inayojulikana zaidi, inaweza kupita dola milioni 2, halafu kuna mkataba wa matengenezo kila mwaka. Kile kinachoniudhi zaidi ni vifaa vya nchani: kila kimoja kina hesabu ndani yake, na idadi ya kutumika ikifika mwisho, mashine inakikataa hata kama bado kinang'aa. Tunakitupa. Mkasi wa chuma wa matundu ya kawaida tunauosha, tunaupika kwenye mashine ya mvuke, kesho unarudi kazini. Anayedhani gharama hizo hazifiki kwenye bili ya mgonjwa wa kulipia hajawahi kuiona bili hiyo.

Na ujuzi wa matundu hauko Ulaya tu. Jacques Marescaux, yule daktari Mfaransa aliyekaa New York Septemba 2001 akamtoa kifuko cha nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, roboti ikiwa upande wa pili wa bahari, ndiye mwanzilishi wa IRCAD, chuo cha kufundishia upasuaji. Tangu 2023 chuo hicho kina tawi Kigali, na madaktari wa Afrika wanakwenda kujifunza upasuaji wa matundu madogo. Kigali si mbali na Dar kama ilivyo Leeds, na kiwanja hakiuzwi.

Mama mdogo mwenyewe hana habari na roboti. Aliniuliza kama vile vijiwe atapewa aje navyo nyumbani.

Kwa hiyo nimempa kijana maswali matatu ampelekee daktari wa Dar: amefanya wangapi kwa njia hii, wangapi ilibidi awafungue tumbo, na damu ya akiba ipo siku hiyo? Amerudi na jibu la swali la kwanza tu, mamia. Hayo mengine anasema aliona haya kuuliza. Nimemwambia arudi Jumatatu.