Kanda ya Mwaka 1984

Babu yangu alirekodi sauti za familia yetu kila mkesha wa sikukuu ya mwisho wa mwaka, kuanzia 1981 hadi 2002, bila kuruka hata mwaka mmoja. Alipofariki katikati ya 2003 alituachia kanda 22 ndani ya sanduku la mbao, kila moja ikiwa imeandikwa mwaka wake ubavuni kwa mwandiko wake ule wa herufi zilizolalia kulia. Ninayoyasimulia hapa yalitokea katika mkesha wa kwanza tuliokutana bila yeye, nami nilikuwa na umri wa miaka 19.

Kwanza nieleze alivyokuwa akifanya, kwa sababu bila hayo mengine hayataeleweka. Alasiri ya mkesha Babu alitoka chumbani akiwa amevaa koti, na katika mfuko wa ndani wa koti hilo mlikuwa na kaseti mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi yake ya nailoni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mhandisi Lou Ottens, aliyeongoza timu ya kampuni ya Philips iliyoonyesha kaseti ya aina hii kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963, alikuwa akibeba kipande cha mbao mfukoni ili apate kipimo cha chombo kinachoweza kuenea humo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Babu papo hapo, mkono wake ukiingia ndani ya koti taratibu, nasi watoto tukimkodolea macho kana kwamba hatujui atatoa nini.

Redio iliwekwa juu ya shuka lililokunjwa mara nne, ili mtetemo wa meza usiingie kwenye sauti. Kisha Babu alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akainua mkono, na kuhesabu kwa vidole mpaka kumi kabla ya kutamka neno lolote, kwa kuwa sehemu ya mwanzo kabisa ya utepe wa kaseti haina dawa ya kushikia sauti, na yeye hakutaka hata silabi moja ipotee. Ukimya wa vile vidole kumi ndio niliouona mrefu kuliko ukimya wowote wa utotoni mwangu. Baada ya hapo alitaja mwaka, akaita majina yetu kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kila aliyeitwa alijibu, "Nipo." Aliyekuwa safarini alijibiwa na ndugu aliye karibu naye kwa umri, "Hayupo, lakini anakuja." Hakuna jina lililorukwa.

Waliofuata ni watu wazima, kila mmoja akieleza mwaka wake ulivyokwenda. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Upande wa kwanza ulikuwa wa wakubwa na wa pili ulikuwa wetu sisi wadogo, tukiimba, tukikariri tuliyofundishwa darasani, tukigombana na kunyamazishwa. Bibi ndiye aliyefunga kila mwaka, na alifunga kwa maneno yaleyale: "Tutaonana mwakani, Mungu akipenda." Mwishoni Babu aliitoa kaseti na kumwita mtoto mdogo kuliko wote miongoni mwa walioweza kushika kalamu, akamwongoza mkono avunje vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikishavunjwa redio haikubali tena kurekodi juu ya kilichomo. Bibi aliviokota vijino hivyo na kuvitia katika kopo lake la vifungo.

Mkesha wa 2003 hakuna aliyetaka kulizungumzia sanduku. Tulikuwa tumekaa sebuleni, watu 14, tukiongea habari za barabara na za mvua, na kiti cha Babu kilikuwa wazi kwa sababu kila aliyekaribia kukikalia aliona haya akapita. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia sana mwaka ule, ndiye aliyeuliza, "Mbona hamjaniletea sauti?" Hakusema redio wala kaseti. Alisema sauti.

Tukalifungua sanduku. Shangazi, ambaye ndiye mtoto wa kwanza wa Babu, alipendekeza tusikilize kanda ya mwaka niliozaliwa, akisema kwamba mwaka ule Babu alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuificha. Nami nilikuwa sijawahi kuisikia kwa makini. Nikaiweka kwenye redio yake ileile, juu ya shuka lililokunjwa mara nne, nikabonyeza.

Sekunde kumi za mvumo. Kisha akaja, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye miaka mingi chini ya ile niliyoizoea, nzito na yenye haraka kidogo, ikitaja mwaka kana kwamba inautangaza kwa umati. Akaita majina. Ndani ya kaseti Shangazi alijibu "Nipo" kwa sauti ya kijana, na Shangazi aliyeketi mbele yangu akaziba mdomo kwa kitambaa. Majina yakaendelea kushuka kwa umri. Alipofika mwisho alinyamaza kidogo, akasema, "Na mgeni wetu wa mwaka huu," akataja jina langu lote, la kwanza, la baba yangu na lake mwenyewe. Kilichofuata ni kilio cha mtoto mchanga, na mama yangu akijibu kwa niaba yangu huku akicheka, "Yupo, Baba."

Ghafla sauti ikaanza kuyumba, ikawa kama ya mtu anayezama, ikakatika. Nilipofungua mlango wa redio nikakuta utepe umetoka ndani ya kaseti na kujizungusha kwenye gurudumu dogo la mpira. Redio ilikuwa imekula kanda.

Sababu yake niliijua, maana Babu mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Redio ile ilikuwa imekaa mwaka mzima bila kuwashwa, ukanda wa mpira unaotoka kwenye mota umelegea, na upande unaopaswa kuvuta utepe uliokwisha kusomwa ukawa hauvuti tena, ilhali gurudumu la mpira likaendelea kusukuma. Utepe usiovutwa hauna pa kwenda isipokuwa kujizonga hapo hapo. Kwa hiyo kilicholiwa si maneno yaliyokuwa yanakuja. Kilicholiwa ni maneno tuliyotoka kuyasikia.

Nilitumia karibu nusu saa kuutoa utepe kwa ncha ya kijiti, Baba Mdogo akinimulikia tochi. Sehemu kubwa ilitoka ikiwa imekunjamana tu, na mikunjo hiyo ningeweza kuinyoosha kwa kidole. Lakini kipande kimoja cha kama sentimita kumi kilikuwa kimevutika mpaka kikawa chembamba kama uzi na kukatika sehemu mbili. Katika kaseti utepe hupita kwa mwendo wa karibu sentimita 4.8 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita kumi ni sekunde mbili hivi. Sekunde mbili zinatosha kutaja jina la mtu pamoja na la baba yake na la babu yake. Nilihesabu kurudi nyuma kutoka pale sauti ilipoanza kuyumba, na sikuwa na shaka tena kuhusu kilichokuwamo.

Shangazi alisema tusiguse kitu, tusubiri sikukuu ipite tumpelekee fundi. Leo, kwa kuwa nimekwisha kuzirekebisha kanda nyingi, naamini alikuwa na haki kwa kiasi fulani, kwa sababu fundi mwenye subira na vifaa angeweza kuokoa sehemu ya kipande kile. Lakini usiku ule mimi nilikuwa nikifikiria jambo jingine lililonitia uzito zaidi. Utepe wa kaseti ni mmoja tu, na pande zake mbili hurekodiwa juu ya utepe huohuo, kila upande ukichukua nusu ya upana wake na kwenda uelekeo wake. Mwanzo wa upande wa kwanza ndio mwisho wa upande wa pili. Kipande kilichokuwa na jina langu kilikuwa na kitu kingine pia, na mahali pale, dakika moja kabla ya upande wa pili kwisha, anayesikika ni Bibi.

Nikaenda kuchuchumaa karibu na kiti chake.

"Bibi, pamekatika pale Babu anaponitaja mimi," nilimwambia. "Lakini kwa upande wa pili, palepale pana sauti yako. Nikikata ili niunge, tunapoteza vyote viwili."

"Kwa upande wa pili ninasema nini?"

"Ni mwishoni kabisa. Nadhani ndipo unapofunga."

Alinyamaza, mkono wake ukipapasa ukingo wa kiti mpaka ukanipata begani. "Kata, mjukuu wangu," alisema. "Maneno yangu ningali nayo mdomoni. Na jina lako si ndilo ninalokuitia kila siku?"

"Mama, ni sauti ya Baba," Shangazi alisema kwa upole.

"Najua ni sauti ya nani. Nilikuwa nimekaa naye. Lakini sikukuu ni leo, na wengine wote waliomo humo wamefungwa mlango kwa ajili ya sekunde mbili."

Nikaleta boksi la vifaa vya Babu. Humo mlikuwa na bisibisi ndogo, wembe, pamba, chupa ya spiriti na kikunjo cha utepe maalumu wa kuungia kanda, ambao gundi yake haitoki pembeni kama ya selotepu ya kawaida. Nilifungua skrubu tano za kaseti nikiziweka juu ya sahani kwa mpangilio uleule wa pembe zake, nikaulaza utepe juu ya meza, nikakata mshazari pande zote mbili kama alivyonionyesha, kwa sababu kiungo cha mshazari hupita taratibu mbele ya kichwa cha redio na hakishtui sauti. Kisha nikaunga kwa upande wa mgongo, ule usiogusa kichwa, nikaukandamiza kwa ukucha. Mikono yangu haikutetemeka, na jambo hilo lilinishangaza, maana tangu mazishi ilikuwa ikinitetemeka hata nikishika kikombe.

Baba Mdogo alikwenda kuleta redio yake. Nikasafisha gurudumu na kichwa chake kwa pamba yenye spiriti, nikarudisha utepe nyuma kwa kuuzungusha kwa penseli, tukakaa tena.

Sekunde kumi. Mwaka. Majina. "Nipo," "Nipo," "Nipo." Nilisikia mapigo ya moyo wangu masikioni. Babu akasema, "Na mgeni wetu wa mwaka huu," pakaingia kimkwaruzo kidogo kisichozidi kukohoa kwa mtu, kisha papo hapo kilio cha mtoto mchanga. Ila kabla mama yangu wa 1984 hajapata nafasi ya kujibu, Bibi alilitaja jina langu pale kitini alipokaa, lote, la kwanza, la baba na la babu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani. Halafu kaseti ikasema, "Yupo, Baba," na mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akayarudia maneno hayo akilia.

Tulisikiliza mpaka mwisho, pande zote mbili. Upande wa pili ulipokaribia kwisha kila mmoja wetu alijua pengo linakuja. Bibi wa 1984 akasema, "Tutaonana," kimkwaruzo kikapita, na Bibi aliyekuwa nasi akaanza kusema lililobaki, lakini safari hii hakuachwa aseme peke yake. Watu 14 tulilisema pamoja naye.

Ndipo Shangazi alipoinuka bila kuambiwa na mtu, akakiendea kiti cha Babu, akakaa. Aliomba kaseti mpya. Hatukuwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuinunua, mpaka Bibi alipotutuma kwenye koti lililotundikwa nyuma ya mlango wa chumba chao. Tuliikuta katika mfuko wa ndani, ikiwa bado na nailoni yake. Babu alikuwa ameinunua mapema, kabla hajaugua. Shangazi alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akainua mkono, akahesabu vidole kumi, akataja mwaka 2003. Kisha akaanza na jina la baba yake. Hakuna aliyejua ni nani wa kujibu wala ni neno gani linalofaa. Tulitazamana, na kwenye kanda hiyo ya 23 unasikika ukimya wa sekunde kadhaa kabla Bibi hajasema, "Endelea, mwanangu. Amesikia."

Vijino vya kaseti ile vilivunjwa na binamu yangu wa miaka minne, nami ndiye niliyemwongoza mkono.

Bibi alifariki mwaka 2009. Nilipopewa kopo lake la vifungo nililimimina juu ya kitambaa ili nivitenge vile vijino vya plastiki, na katikati yake nikakuta karatasi iliyokunjwa mara kadhaa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha utepe wa kahawia, chembamba kama uzi, kile nilichokiacha mezani usiku ule nikidhani kimefagiliwa. Sikumwona akikiokota, na kwa macho yale sijui alikipataje. Ninacho hadi leo. Hakuna redio inayoweza kukisoma, lakini katika upana huo usiofika milimita 4 jina langu lingali limelala katika sauti ya Babu, na kando yake, yakienda uelekeo wa pili, maneno ya Bibi ya kuagana.