Cheni kula tairi na breki laini baada ya kubadili swingamu

Pikipiki ya 150cc ilitolewa tairi la nyuma la 100/90-17 ikafungwa 130/70-17 kwenye rimu ya inchi 3.50, pamoja na swingamu pana (mikono ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma) na breki ya diski badala ya dramu. Cheni ikaanza kukwaruza ubavu wa tairi. Hesabu ni rahisi: tairi limeongezeka milimita 30, yaani 15 kila upande.

Kosa la wengi ni kusogeza gurudumu pembeni kwa kupunguza bushi moja ya ekseli. Nafasi inapatikana, lakini gurudumu la nyuma halifuati tena la mbele na pikipiki inavuta upande. Tuliweka rimu katikati kwanza, tukanyoosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, ndipo tukashughulikia cheni: kipande cha chuma cha milimita 8 kilichokerezwa nyuma ya sproketi kubwa (gia ya cheni kwenye gurudumu), boliti ndefu zaidi, na sproketi ndogo iliyotoka nje milimita 8 hizo hizo. Sproketi hizo mbili zisipolingana, meno yanalika upande mmoja.

Breki nayo ilizama hata baada ya kutoa hewa mara tatu. Kalipa (kifaa kinachobana diski kwa pedi) ilifungwa chini ya swingamu, nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ikaangalia ardhini, na hewa hukaa juu. Fungua kalipa, ining'inize nipeli ikiwa juu, weka kibao kati ya pedi, kisha toa hewa kwa mafuta mapya ya breki ya DOT 4. Pedali ikakaza.

Breketi ya kalipa lazima ishikwe na swingamu kwa mkono imara; ekseli peke yake haiizuii kuzunguka.