Siku moja maishani mwangu: kuchagulia watoto wadadisi vitabu vya maarifa, Dodoma

Saa 1:30 asubuhi
Kazi inaanzia kwenye boksi la viatu lililotobolewa juu, ambamo watoto hutumbukiza maswali yao. Ya leo yaliyobaki baada ya mchujo ni manne: Mchwa wanapumuaje ndani ya kichuguu? Kwa nini mwezi wa kwenye kitabu umesimama na wetu umelala? Dinosaria walifika Tanzania? Mbona zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka? Hayo ndiyo orodha ya manunuzi.

Saa 3:00
Meza ya vitabu vya mtumba, mjini.

"Shikamoo mwalimu. Leo kuna mzigo wa sayansi, vyote vinang'aa."
"Marahaba mwanangu. Kung'aa baadaye, nipe kwanza vya anga."

Jalada halisomwi. Unafungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, unatafuta mwaka. Hapa wengi huteleza: kitabu kilichopigwa chapa tena 2015 kinaweza kuwa na maneno yaleyale ya 1998. Unachotaka ni mwaka wa toleo, yaani mara ya mwisho maandishi yaliporekebishwa. Cha anga kinachohesabu sayari 9 kiliandikwa kabla ya Agosti 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye hesabu. Ramani ya Tanzania isiyo na Mkoa wa Songwe ni ya kabla ya 2016. Vya wanyama na mwili wa binadamu havichakai haraka hivyo, ila vina mitego yake: buibui kupangwa na wadudu, nundu ya ngamia kuitwa tangi la maji (ni mafuta), ulimi kugawanywa vipande vya chumvi na sukari. Kosa moja navumilia. Yakiwa mawili kinarudi mezani, hata kwa bei ya bure.

Kisha mgongo. Tazama ncha ya juu: ukiona vifungu vya karatasi zilizokunjwa, kimeshonwa. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kubandikwa, kifungue katikati na ukilaze. Kikilia "ka!", gundi imekauka, na kwa ukavu wa Dodoma kurasa zitaanza kudondoka mapema.

Saa 5:30
Ofisini vimebaki 11. Sasa kila kimoja kinaulizwa swali la mtoto.

Naanza na mchwa. Nenda kwenye faharasa nyuma, tafuta neno, fungua ukurasa: dakika moja inatosha. Kisicho na faharasa kinamlazimisha mtoto apekue kurasa zote 64, na hafanyi hivyo, anaacha. Cha kwanza kina picha kubwa na maneno "Mchwa ni wajenzi hodari!" Basi. Cha pili, chembamba na chenye rangi mbili tu, kimechora kichuguu kilichopasuliwa, na mishale inaonyesha hewa ikipita kwenye vitundu vya ukuta joto la mchana na la usiku linapopishana. Nachukua cha pili. Vile vya "Je, wajua?" vinafaa kuwa chambo, viwili vinatosha kwa rafu nzima.

Dinosaria: kinachochora mkia ukiburutwa chini ni cha zamani. Kizuri kinataja Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa kati ya 1909 na 1913. Mnyama mkubwa kuliko wote waliopatikana huko amesimikwa Berlin, na tangu 2007 mkia wake uko hewani.

Mwezi ndio unaosumbua. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa kaskazini, mwezi mwandamo kwao husimama kama mundu. Huku, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, hulala kama bakuli. Hata jua la saa sita: Juni liko upande wetu wa kaskazini, Desemba kusini. Kitabu hakijakosea, ila hakisemi kimesimama wapi. Nakibakiza.

Saa 8:00
Wasomaji wawili wa darasa la nne. Wanafungua ukurasa wa katikati, wanakunja kidole kwa kila neno gumu. Vidole vitano, kitabu ni cha kusoma na mkubwa. Hakitupwi, maana mtoto mwenye swali lake huvumilia maneno magumu kuliko mwenye hadithi ya kulazimishwa.

Saa 10:00
Mihuri, lebo, gundi nyeupe nyembamba kwenye migongo, tofali juu hadi kesho. Rafu iwe mbali na ukuta, mchwa hawasomi faharasa.

Zabibu hazijajibiwa. Kitabu pekee kinachozitaja kinasema mzabibu hulala majira ya baridi na huvunwa mara moja, na hiyo ni kweli kwa Ufaransa. Kwa hiyo kikaratasi kinabandikwa ukurasa huo, kwa penseli: "Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukipogolewa unachipua na kuzaa, ndiyo maana wakulima hupogoa mara mbili. Muulize bwana shamba mwezi gani." Mwezi wa mwandamo nao umepata kikaratasi chake.