Siku tuliyompa jina Mwanakhadija

Kwetu Amu, yaani Lamu, mtoto akizaliwa, ukiuliza anaitwa nani utaambiwa ngojea siku ya saba. Adhana anasomewa siku ile ile, sikio la kulia adhana na la kushoto ikama, lakini jina linangoja akika, siku ya kumchinjia mtoto mbuzi. Sio kwamba ni lazima, wako wanaompa jina siku ya kwanza na ni sawa kabisa, ila nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na mwaka 2012 kakangu alipopata mtoto wake wa kwanza hakuna hata mmoja aliyefikiria kubadilisha.

Mtoto alikuja mapema. Wifi yangu Mariamu alikuwa na mimba ya miezi minane, Alhamisi alfajiri uchungu ukamshika ghafla tukakimbia naye hospitali, akajifungua kitoto cha kike kidogo mno, ukikifunga kwenye leso hujui kama ndani mna mtu. Madaktari wakamuangalia wakaridhika naye, analia vizuri na ziwa anashika, wakaturuhusu tukarudi nyumbani. Bibi (mamake baba) akampaka wanja, akafukiza ubani nyumba nzima, halafu akatangaza kwamba kila mwenye jina alilete, na mimi ndio niandike. Nilikuwa form two na mwandiko wangu mzuri, na pia mimi ndio niliyekuwa naweza kuingia kote, kwa wanaume huku darini na kwa wanawake kule ndani alikolala Mariamu.

Basi siku sita zile nyumba ilikuwa soko la majina. Kila anayekuja kumuona mtoto anakuja na haluwa ama mahamri na jina mkononi. Jirani mmoja akasema angekuwa wa kiume ningesema Swaleh, akimkusudia Habib Swaleh, yule sharifu aliyetoka Ngazija akasomesha hapa Amu na ndiye wa Msikiti wa Riyadha, na kweli ukisimama Maulidini ukaita Swaleh wanageuka watu wengi. Mwengine akataja Fatuma, mwengine Halima kwa ajili ya Halima Saadia aliyemnyonyesha Mtume. Mimi naandika tu.

Tulikuwa na mama mmoja wa Kigiriama kutoka Malindi aliyekuwa akija kusaidia kazi siku hizo za uzazi, na jioni moja tunachambua mchele akatuambia kwao mambo hayana mzozo kiasi hiki, kwani majina yanazunguka, wa babu anapewa mjukuu na wa bibi vilevile, kwa hiyo nusu ya majina ya watoto wako unayajua kabla hujaolewa. Halafu yako majina ya wakati. Charo kwao ni safari, Nyamvula amezaliwa mvua inanyesha, na Kazungu ni mzungu mdogo, jina liloingia wazungu walipoanza kuonekana pwani. Nilichokipenda zaidi ni aliponiambia kwamba Mekatilili halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa Mnyazi, Mnyazi wa Menza, na Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, jina la mwanawe. Yaani huyu mwanamke aliyewasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, ambaye sanamu yake iko pale Malindi mjini, dunia nzima inamjua kwa jina la umama. Sisi pia tunafanya hivo, mamangu mimi sijui kama kuna jirani anayemwita jina lake, wote ni Mama Fulani, lakini sikuwahi kufikiri kwamba jina la namna hiyo laweza kuingia kwenye historia likamfunika mwenyewe.

Ikafika usiku wa kuamkia akika na majina yalobaki ya maana ni matatu, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

La kwanza la kakangu. Alilipata kwenye simu, Asiya, akalipenda vile linavyotamkwa, na chini yake ilikuwa imeandikwa maana. Akamsomea ami yetu pale darini, mbele ya wanaume wote, "Asiya, mwenye kuasi." Ami akaweka kikombe chini. Akauliza, "Asiya kwa swadi ama kwa sini?" Kakangu hakuelewa, simu imeandika kwa herufi za kizungu na kwa kizungu S ni S. Ami akaniitisha daftari akaandika mwenyewe majina mawili kwa Kiarabu, moja chini ya jengine. Hili la sini ndilo la mke wa Firauni, aliyemuokota Nabii Musa akamlea, mwanamke mwenye daraja kubwa, na wako mabibi wengi pwani hii wanaitwa Asia na ndio yeye. Na hili jengine ni la aini na swadi, ndilo lenye asili moja na neno letu kuasi, na Mtume mwenyewe alipomkuta binti wa Sayyidna Omar anaitwa hivo alimbadilisha akamwita Jamila. Mtu wa simu amechukua jina la mwanamke wa peponi akalipa maana ya muasi. Ami alikasirika kweli, na mimi naona alikuwa na haki, kwa sababu mtu anayewaandikia watu maana za majina amebeba amana kubwa, mtoto wa watu anatembea na hilo jina mpaka kaburini.

Kakangu akasema basi liwe la sini. Ami akasema la sini halina neno.

La pili lilitoka kwa mamake Mariamu, aliyekuja na mashua kutoka Siyu, kisiwa cha Pate. Yeye alitaka Mwanakhamisi. Amezaliwa Alhamisi, ataitwa nani tena? Na jina hili kwetu ni la heshima, ile mwana ya mbele sio mtoto, ni kama kusema bibi mheshimiwa, ndio maana hata mtu mzima wa makamo anaitwa Mwana fulani, wanaume wakawa na Bwana. Wako Mwanajuma wa Ijumaa, Mwanaidi wa sikukuu, Mwanaisha, Mwanahawa. Alikuwa anayahesabu kwa vidole, mama yule, na kila jina ana mtu wake Siyu ama Faza, huyu alikuwa fundi wa mikeka, yule alihiji kwa jahazi. Mwana Kupona naye akamtaja, yule wa utenzi, aliyekuwa mke wa Mataka mkuu wa Siyu, akasema nyinyi watu wa Amu mnajifanya ni wenu kwa vile alikuwa akikaa hapa, lakini mume alikuwa wetu. Wanawake wote wakacheka pale ndani, Mariamu mwenyewe kalala anacheka na kushika tumbo.

La tatu la Bibi. Yeye hakusema mapema, alingoja wengine wamalize ndio akasema Mwanakhadija, jina la mamangu. Asili ya watu wa Bibi ni Pate, na huko Mwana Khadija ni jina la malkia, alitawala Pate karne ya 18, wakati Pate bado ni Pate kweli na vyuo vyake na mafundi wake wa hariri na fedha. Bibi hakusema kwamba sisi ni uzao wake na mimi sitasema. Alisema tu kwamba mamake aliitwa hivo kwa ajili ya yule, na tangu afe mamake hakuna mtoto yeyote aliyepewa, wote tumeitwa majina ya upande wa pili.

Asubuhi ya siku ya saba mbuzi akachinjwa, mmoja kwa sababu ni wa kike, wa kiume ni wawili. Mtoto akanyolewa, na wallahi nywele zenyewe zilikuwa kama vumbi la pamba, ami akazifunga kwenye karatasi akazipeleka kwa sonara mzani wake ukasogea kidogo tu, akatoa sadaka uzito wake wa fedha akaongeza yake juu. Huku masufuria ya pilau yako motoni, vikuba vya asmini na rehani vimejaa sinia, na jina bado.

Mwalimu aliyekuja kusoma dua alikuwa mzee wa zamani anayejua falaki, elimu ya nyota. Mamake Mariamu akanituma nimuombe amuangalizie mtoto nyota. Ami hakupenda, alisema wazi kwamba sunna ni kuchagua jina lenye maana njema na hayo mengine hayana msingi, na mimi katika hilo niko na ami mpaka leo. Lakini lile somo la hesabu sitalisahau. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake, alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, zinapanda mpaka ghaini 1000. Mwalimu akaandika Khadija kwenye daftari langu akashuka nayo polepole, khe 600, dali 4, ye 10, jimu 3, he ya mwisho 5. Jumla 622. Akajumlisha na jina la mama, Mariamu, 290, ikawa 912, akagawanya kwa 12 ikaisha bila kubaki kitu, na isipobaki kitu ni nyota ya mwisho, Hutu, samaki. Mtoto wa Amu samaki, akasema, hapo hakuna shida.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile 622, kwa sababu wiki ile shuleni tulikuwa tunasoma Hijra, na mwaka wa Hijra kwa kalenda ya kizungu ni 622. Nikamwambia mwalimu, akatabasamu akasema subhanallah, hakuongeza neno, naye alikuwa sawa kutoongeza.

Halafu akauliza kitu ambacho kwetu sote hakikuwa kimemjia mtu. Akauliza mtoto alizaliwa miezi mingapi. Nikamwambia minane. Akasema, Khadija kwa Kiarabu asili yake ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Waarabu wenyewe wa zamani walikuwa wakilitumia hata kwa ngamia anayezaa kabla siku hazijatimia. Akasema majina mengi makubwa yana maana za nyumbani namna hiyo, Fatuma asili yake ni kuachishwa ziwa, Aisha ni mwenye kuishi, watu walikuwa wakiyatoa kwenye maisha ya mtoto, halafu wakaja mabibi watukufu wakayabeba na utukufu ukaganda.

Nilishuka ngazi mbio. Nikaingia ndani nikawaambia wanawake wote pamoja, nikamuona Bibi amenyamaza na mkono wake uko juu ya mtoto. Yeye mwenyewe miaka yote hiyo hakuwa akilijua, alijua ni jina la mamake, na la mke wa Mtume, na la Pate, basi. Mamake Mariamu ndiye aliyesema kwanza. Akasema, "Mariamu, mwanangu, wewe ndiye uliyezaa, sema." Siku saba zile tulikuwa hatujamuuliza mzazi.

Mariamu akasema amekuja mapema na amekuja na jina lake, muiteni Mwanakhadija. Na Asiya akazaliwe mwengine, inshallah, kwa sini.

Nikapanda na habari. Kakangu alikubali palepale, nadhani alifurahi kuliko angepata lake, akampokea mtoto kutoka kwa ami, ami akaliita jina sikioni, wanaume wakasoma Maulidi, tulipofika kwenye kisimamo, pale watu wote wanaposimama, marashi yakamwagwa mpaka daftari langu likalowa.

Jambo moja la nyumba yetu wageni huwa wanalishangaa. Bibi hakuwahi hata siku moja kumwita mtoto yule kwa jina lake. Ni jina la mamake, na mama haitwi jina. Alikuwa akimwita mama. Unamsikia usiku, "Mamangu, mbona huyalala?" na mtoto ana wiki tatu. Mpaka Bibi alipofariki, mtoto akiwa ameanza chuo cha Kurani, mtoto alikuwa akidhani kila bibi humwita mjukuu wake mama.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kilichotusumbua. Kwenye ofisi waliligawanya, Mwana peke yake kama jina la kwanza, Khadija la pili, halafu la kakangu, la babu likakosa nafasi likaachwa. Wengine watasema ni jambo dogo. Mimi naona si dogo, kwa sababu ukilikata unabaki na vipande viwili ambavyo hakuna kimoja kilichoitwa sikioni mwake siku ile, na ule mlolongo wa bin na binti ambao wazee wetu waliutumia kujua mtu ni wa nani umekatwa hapohapo. Majina ya pwani yamekatwa hivi nyaraka baada ya nyaraka na watu wamezoea. Kakangu alitaka kuacha, nikamwambia usiache. Tukaenda kwa wakili, kiapo kikaandikwa, tukarudi ofisini, tukaambiwa njoo kesho, tukaenda kesho, mwisho kikatoka cheti kipya kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la sita.

Sasa ni msichana mrefu kunishinda, daftari zake zote kaziandika mwenyewe, Mwanakhadija neno moja, na mwalimu akiita Mwana peke yake haitiki.