Bure Isiyokula Bando: Jinsi Nilivyochagua Meza ya Mtandaoni

Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukicheza barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, watu wanne na kopo la dadu zilizotolewa kwenye maboksi ya ludo, mmoja akisimulia na waliobaki wakiwa wahusika ambao hatima yao huamuliwa na maneno yao wenyewe pamoja na dadu. Kisha kazi zikatutawanya: binamu yangu akaenda Muscat, shemeji yangu akahamishiwa shule moja ya Muheza, na fundi baiskeli, ambaye ndiye mchezaji hodari kutupita sote, akabaki mtaa wa pili lakini akawa hafungi kibanda chake kabla ya saa mbili usiku. Mchezo haukuwa na sababu ya kufa, kwani tangu Dungeons & Dragons ilipochapishwa mwaka 1974 michezo ya aina hii imekuwa ikitegemea mazungumzo kuliko vifaa. Tulihitaji meza mpya tu, yaani huduma ya mtandaoni ya kukutania na kuchezea, na sharti langu lilikuwa kwamba isilipiwe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua kwa macho. Nilitafuta meza yenye madoido mengi zaidi, nikapakia ramani kubwa yenye rangi za kupendeza, nikawatumia wenzangu kiungo, nikajipongeza. Baada ya robo saa hivi, kabla hata dadu ya kwanza haijarushwa, nikapata ujumbe mfupi kutoka Muheza: “Shemeji, bando limekata. Nimeshakufa au bado?” Ndipo nilipotambua kwamba neno bure lina pande mbili: mwenye huduma anaweza asikutoze hata senti, na bado mchezaji akalipa kupitia simu yake. Tangu siku ile kipimo changu ni simu dhaifu kuliko zote zilizomo katika kundi letu, wala si kompyuta yangu.

Nilianza na sauti, kwa sababu bila sauti hakuna masimulizi. Huduma za mikutano ya video zilizozoeleka maofisini zina ukomo ambao hauendani na mchezo wa saa tatu: Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure huishia dakika 60 wanapokuwa watu watatu au zaidi. Kukatwa katikati ya kikao cha kazi ni usumbufu. Kukatwa wakati shujaa ananing'inia ukingoni mwa shimo ni kuharibu hadithi nzima. Jitsi Meet haina ukomo wa namna hiyo, na niliipenda kwa sababu mtu aliweza kufungua chumba bila akaunti yoyote, lakini mwaka 2023 wenye huduma wakaanza kumtaka anayefungua chumba aingie kwanza kwa akaunti ya Google au nyingine inayokubalika. Hatimaye tulitulia Discord, huduma ya kuzungumza na kuandikiana kwa makundi, ambako chumba cha sauti hukaa wazi wakati wote na mtu aliyekatikiwa na mtandao hurudi kimya kimya bila kumwomba yeyote ruhusa.

Hesabu yake ni nyepesi. Kiwango cha kawaida cha sauti katika chumba cha Discord ni kilobiti 64 kwa sekunde, ambazo ni takriban MB 29 kwa saa iwapo watu wanapokezana kuzungumza, na mwenye chumba anaweza kukishusha kiwango hicho hadi kilobiti 8. Sisi tulishusha kidogo tu, kwa kuwa chini sana sauti ya fundi ilikuwa inageuka kama ya mtu aliyezama kisimani. Video ni habari nyingine: hata ikibanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde, kila sura unayoitazama hula MB 225 kwa saa. Nyuso za wenzangu nazijua, video tuliizima.

Kuhusu ramani nililazimika kupunguza matamanio. Roll20, meza ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2012, ndiyo inayotajwa zaidi, na kwa mwenye kompyuta ina mengi ndani yake: karatasi za wahusika zenye sifa na uwezo wa kila mmoja, ukungu wa kuficha sehemu ambazo wachezaji hawajafika, na dadu ambayo unaiita kwa kuandika /roll 2d6 (dadu mbili za pande sita) na kila mmoja akaona matokeo. Akaunti ya bure hupewa nafasi ya MB 100 za kuhifadhi picha, na hiyo inatosha kabisa kwa mtu anayezipunguza picha zake kabla ya kuzipakia. Tatizo letu ni kwamba ilipangwa kwa kioo kipana cha kompyuta, na wawili kati yetu hawana kompyuta. Foundry nayo inasifiwa sana, na kwa haki, lakini msimulizi huinunua, hata kama wachezaji hawalipi; kwa hiyo haikuingia katika sharti langu. MapTool ni ya bure kweli kweli na hata msimbo wake uko wazi, ila lazima isakinishwe kwenye kompyuta ya kila mchezaji.

Owlbear Rodeo ndiyo iliyotufaa. Inafanya mambo machache: unaweka picha, unaweka kete, unaifunika picha kwa ukungu na kuifunua kidogo kidogo. Mchezaji hubonyeza kiungo, akaingia kwa kivinjari cha simu, wala hatakiwi kujisajili. Hadithi tunayocheza sasa inafanyika katika mapango yaliyoigwa kutoka Amboni, yale ya mawe ya chokaa yaliyo kaskazini ya mji wetu, na ukungu unafaa mno kwa pango: wachezaji wanaona chumba kimoja, wanasikia popo kutoka kingine, wanabishana kama waendelee. Ramani ninaichora kwa kalamu kwenye karatasi ya mraba ya daftari la hesabu, naipiga picha, naibana hadi iwe chini ya nusu MB. Haipendezi, lakini inafunguka Muheza.

Suala lililotuletea ubishi mrefu ni dadu. Dadu ya pande sita inapatikana katika kila duka la michezo ya watoto, ila ya pande ishirini, inayotakiwa na michezo mikubwa ya aina hii, sijawahi kuiona ikiuzwa hapa Tanga, kwa hiyo baadhi yetu walitaka boti ya dadu, yaani programu ndogo inayorusha dadu yenyewe, ndani ya Discord. Fundi alikataa katakata. Alisema kwamba dadu isiyolia mezani si dadu, na kwamba yeye atarusha yake kibandani na kututangazia. Tukakubali, kwa kuwa ni rafiki yetu. Lakini usiku mmoja alitangaza sita nne mfululizo, na binamu akacheka kutoka Muscat kwa namna ambayo haikuwa ya kucheka. Uwezekano wa sita nne mfululizo ni mara moja katika 1,296, jambo linaloweza kutokea kwa mtu mwaminifu kabisa, na ninaamini ndivyo ilivyotokea. Hata hivyo, tuliamua kwamba dadu za kawaida kila mtu arushe zake, na zile zinazoamua uhai na kifo zirushwe na boti mbele ya wote. Boti haimtuhumu mtu, wala haituhumiwi.

Karatasi za wahusika ziko kwenye Google Sheets, faili moja yenye ukurasa kwa kila mchezaji, iliyowekwa ifunguke hata simu isipokuwa na mtandao. Kwa upande wa kanuni, anayetaka kuanza na mchezo mkubwa bila kununua kitabu ana SRD 5.1, muhtasari wa kanuni za Dungeons & Dragons uliowekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023; sisi tunatumia kanuni nyepesi za dadu ya pande sita, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Saa nazo zina mtego wake. Muscat inatutangulia kwa saa moja, na juu ya hilo simu huandika 20:00 wakati sisi tunasema saa mbili usiku. Niliwahi kuweka miadi kwenye kalenda ya pamoja nikaandika 2:00, na binamu akaamshwa na kengele usiku wa manane. Discord ina alama za wakati ambazo kila msomaji huziona kwa saa za mahali alipo, na sasa tunatumia hizo tu.

Wiki ambazo umeme au mtandao umekataa, tunahamia WhatsApp: natuma tukio kwa ujumbe wa sauti, kila mmoja anajibu kwa wakati wake, na tukio la nusu saa linachukua siku tatu. Shemeji anadai kwamba ndivyo anavyofurahia zaidi, kwa sababu husikiliza akisahihisha madaftari.

Kwa kuwa huduma ya bure hubadilika bila kukuuliza, kila mwisho wa mwezi napakua ramani na karatasi zote na kuziweka kwenye flashi. Kikao kijacho ni Alhamisi, chumba cha nne cha pango bado sijakichora, na fundi ameshaniuliza mara mbili kama ndani yake kuna maji.